Vinasaba, majalada ya wakoloni na nasaba zetu

Miongoni mwa maswali ninayoulizwa mara kwa mara na vijana baada ya darsa ni hili: Je, inafaa Muislamu kupima vinasaba, yaani DNA, ili ajue asili ya ukoo wake? Wengi wanaouliza wanatoka katika familia za Pwani na Visiwani. Nyumbani wameambiwa kuwa babu alitoka Arabuni au Shirazi. Kisha ndugu yao aliyeko Uingereza anapeleka mate maabara, majibu yanarudi yakionesha sehemu kubwa ya asili yake ni Afrika Bara. Au mtu anapekua majalada ya zamani, anakuta bibi mzaa babu ameandikwa kuwa mjakazi aliyeachwa huru. Hapo familia inagawanyika. Wapo wanaofurahi kumpata bibi yao, na wapo wanaotaka habari hiyo isizungumzwe tena, wakihofia posa za mabinti zao.

Kabla ya hukumu, tuangalie kwanza karatasi na kipimo vinaweza kutueleza nini.

Tuanze na karatasi. Zanzibar, amri ya Aprili 1897 ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake, na huko akaandikwa. Masuria hawakuingizwa katika utaratibu huo mpaka ilipokuja amri ya 1909. Kwa hiyo bibi aliyekuwa suria anaweza asionekane kabisa katika daftari za mwanzo, na kutoonekana kwake si ushahidi kuwa alizaliwa huru. Bara, Wajerumani walitoa barua za uhuru kwa maelfu ya watu, kisha Waingereza wakapiga marufuku utumwa Tanganyika mwaka 1922. Wapo walioachwa huru wakabaki na jina la ukoo wa bwana wao, na wajukuu wakalirithi jina hilo wakidhani ni la damu.

Aidha, karatasi za mkoloni hazikuandikwa kwa ajili yetu. Waingereza waliwapanga watu kwa mafungu ya rangi na asili, na wakati wa Vita Kuu ya Pili hata mgao wa chakula Zanzibar ulifuata mafungu hayo. Kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931, idadi ya waliojiandikisha kuwa Waswahili ilishuka sana, na ya Waarabu ikapanda. Uhamiaji peke yake hauelezi jambo hilo. Wengi walibadilisha jibu walilompa karani, kwa sababu jibu lilikuwa na faida.

Na kipimo je? Mtu akihesabu vizazi vitano nyuma, anapata wazee 32. Kipimo cha mstari wa baba kinamzungumzia mmoja tu kati ya hao 32, na cha mstari wa mama kinamzungumzia mmoja mwingine. Hao 30 waliobaki kimewanyamazia. Ama zile asilimia za nchi na maeneo, hupatikana kwa kukulinganisha na watu waliokwisha kupimwa, na Waafrika waliopimwa bado ni wachache.

Hata hivyo elimu hii ina faida yake. Mwaka 2023 watafiti walitangaza matokeo ya vinasaba vya mabaki ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya Waswahili. Walikuta upande wa mama asili kubwa ni ya Kiafrika, na upande wa baba imo kwa wingi asili ya Uajemi. Kumbe wazee waliosimulia habari za Shirazi hawakuwa wamezua. Walichopunguza katika masimulizi ni bibi.

Sasa tuje kwenye sheria. Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha 16 kilichofanyika Makka Januari 2002, liliamua kuwa vinasaba vinaweza kutumika pale nasaba haijulikani au inagombewa, kama watoto waliochanganywa hospitali au waliopotea katika maafa. Lakini haifai kuvitumia kuhakiki nasaba iliyokwisha thibiti kisheria. Hivyo kutafuta asili ya mbali ya ukoo sioni ubaya wake. Ama kuwapima ndugu walio hai ili kuona nani ni mtoto halali wa baba, huko ni kuvunja heshima ya mama zetu, na mtoto ni wa ndoa aliyozaliwa ndani yake.

Tena tukumbuke kuwa mtoto aliyezaliwa na suria na bwana wake ni mtoto kamili wa baba yake, huru, na anarithi sawa na ndugu zake. Sayyid Majid na Sayyid Barghash waliotawala Zanzibar walizaliwa na masuria. Nabii Ismail (AS) ni mwana wa Hajar. Na asiyejulikana baba yake, Qur'an katika Suratul Ahzab aya ya 5 inamfanya ndugu yetu katika dini. Abu Dharr alipomtukana mtu kwa mama yake, Mtume (SAW) alimwambia kuwa bado ana ujahiliya ndani yake. Leo anayemkataa kijana mwenye dini na tabia njema kwa sababu ya bibi aliyekamatwa na kuuzwa bila hiari yake, ajiulize yuko upande gani wa hadithi hiyo. Aibu ya kuuza mtu haimwangukii aliyeuzwa.

Nasaha yangu kwa vijana ni hii. Anzeni kwa wazee walio hai, muandike majina wanayoyakumbuka, hasa ya akina bibi. Kisha tafuteni hati za wakfu, mirathi na ndoa, halafu majalada ya serikali. Kipimo kije mwisho, na kwa ridhaa ya wanafamilia, kwa kuwa mate ya mmoja yanatoa habari za wote. Mtume (SAW) ametuhimiza tujue nasaba zetu ili tuunge udugu. Ukigundua ndugu zako wapo Tabora, Ujiji au Nyasa, nenda ukawasalimie.

Wallahu a'lam.