Naamani Alikaribia Kurudi Nyumbani na Ukoma Wake

Andiko kuu: 2 Wafalme 5:1-14
Soma pia: 2 Wafalme 20:1-7, Wakolosai 4:14



Huu ni muhtasari wa ujumbe wa Jumapili iliyopita, na nimeongeza machache ambayo muda haukuruhusu. Kabla sijaendelea, mjue kwamba mume wangu amesoma ukurasa huu wote kabla haujapelekwa kuchapishwa. Alisema, "Wewe andika tu, labda kuna mwanamume mmoja atasikia." Kwa hivyo ukikutana naye hapo nje baada ya ibada usimwonee huruma. Msalimie kama kawaida.

Mwaka jana, usiku wa Jumanne, aliamka saa nane akiwa ameshika kichwa. Alisema anaona ukungu. Mimi nilidhani ni uchovu, lakini alipojaribu kusimama akarudi kitandani kwa kishindo. Jirani yetu alitoa gari, Mungu ambariki, na tulipofika hospitali mashine ilisoma 196 kwa 118. Daktari alituambia bila kuzunguka kwamba presha hiyo haikuanza usiku huo. Ilikuwa imekaa mwilini muda mrefu na yeye hakujua. Ana miaka 39.

Tulirudi nyumbani na dawa za kumeza kila siku na orodha ya mambo ya kupunguza: chumvi, mafuta, soda, nyama choma za kila wikendi, kulala saa saba usiku. Kwa miezi mitatu alifuata vizuri. Kisha tukawa na kesha la Ijumaa, akaenda mbele kuombewa. Niwaambie ukweli, mimi nilikuwa mmoja wa wale waliomwekea mikono.

Wiki kadhaa baadaye nilikuwa natafuta kitambulisho kwenye droo, nikakuta pakiti mbili za dawa, hata moja haijafunguliwa. Miguu iliniisha nguvu. Nilipomuuliza, alinijibu kwa upole kabisa: "Mama, si mliniombea? Nikiendelea kumeza, si ni kama namwambia Mungu simwamini?"

Sasa, wewe ni pasta. Utamjibu nini?

1. Hofu inaweza kukugeuza askari wa nyumba

Ningependa kusema kwamba nilipiga magoti. Hapana. Nilipiga kelele. Baadaye nikaanza kazi ya uaskari. Nilificha kopo la chumvi. Nilimpigia rafiki yake wa kazini kuuliza leo wamekula wapi. Akiingia nyumbani nilikuwa nanusa shati kama lina harufu ya nyama choma. Wengi wenu mnajua nilisomea biashara kabla ya kuingia kwenye huduma, basi nikafungua daftari, nikawa mkaguzi wa hesabu: Jumatatu chipsi, Jumanne soda mbili, Jumatano hakutembea.

Matokeo yalikuwa nini? Alianza kula kwa kujificha. Mutura ya stendi ikawa siri kama vile mtu ana mpango wa kando. Na mimi nikawa silali, nasikiliza anavyopumua usiku. Watoto wakaanza kuulizana, "Leo Mama amekasirika?"

Kuna mtu anasoma hapa na anajijua. Labda wewe ni mume na mke wako ndiye ana sukari, na kila akishika mandazi unamkaripia mbele ya watoto. Sikulaumu, kwa sababu chini ya kelele hizo kuna mtu anaogopa kubaki peke yake. Lakini yule unayempenda haoni hofu yako. Anachosikia ni makelele.

2. Imani na dawa hazipigani

Swali la mume wangu lilihitaji jibu la Biblia, maana ndani yetu wako wengi wanaofikiri vile na hawasemi. Twende kwa Mfalme Hezekia, 2 Wafalme sura ya 20. Alikuwa mgonjwa wa kufa. Akaomba, akalia, na Mungu akamjibu kwa neno wazi kwamba amesikia maombi yake, atamponya, na atamwongezea miaka 15. Ahadi kubwa namna gani hiyo! Lakini angalia mstari wa 7. Isaya, nabii yule yule aliyeleta ahadi, aliagiza waandae mkate wa tini wauweke juu ya jipu. Hezekia hakuambiwa achague kati ya ahadi na dawa. Alipewa vyote viwili, na nabii hakuona aibu.

Na mtume Paulo, aliyeona miujiza mingi, alisafiri na Luka, ambaye katika Wakolosai 4:14 anaitwa tabibu tena mpendwa.

Mungu anaponya. Ninaamini hivyo na nimeona. Lakini mtu akiponywa presha, mashine ya daktari itaona, na daktari mwenyewe ndiye atapunguza au kusimamisha dawa. Uponyaji wa kweli hauogopi kupimwa. Tena presha ina ujanja: mara nyingi haiumi. Unaweza kujisikia mzima kabisa huku mishipa inaharibika pole pole, mpaka siku ya kiharusi au ya figo kushindwa. Kwa hivyo "najisikia vizuri" si kipimo. Tafadhali, usiache dawa kwa sababu ya maombi yetu. Hakuna mhudumu wa kanisa hili aliye na ruhusa ya kukuambia uache.

3. Jifunze kwa watumishi wa Naamani

Naamani alikuwa mkuu wa jeshi la Shamu, shujaa, mtu wa heshima, lakini alikuwa na ukoma. Alifika kwa Elisha na farasi na magari. Elisha hata hakutoka nje. Alimtuma mjumbe amwambie akaoge Yordani mara 7. Naamani akawaka hasira. Alitarajia nabii atoke, asimame, aliitie jina la Bwana na kupunga mkono. Tena kwao Dameski kulikuwa na mito mizuri kuliko huo. Akageuka aende zake.

Wapendwa, tusimcheke. Sisi pia tunapenda jambo kubwa. Tuambiwe tufunge siku 21, tutafunga. Tuambiwe twende kesha mlimani, tutapanda. Lakini tukiambiwa tumeze kidonge kimoja kila asubuhi na tutembee nusu saa, tunasema hayo ni madogo mno. Naamani alikaribia kurudi nyumbani na ukoma wake kwa sababu dawa ilikuwa rahisi sana.

Nani alimwokoa? Wale watumishi katika mstari wa 13. Mimi nilisoma hapo mara nyingi kabla ya kuona walichofanya.

Kwanza, walimkaribia. Hawakupiga kelele kutoka nyuma ya magari. Ukitaka kuzungumza na mwenzako, chagua saa na mahali. Usichague mezani akiwa na kijiko mkononi, wala mbele ya mama mkwe.

Pili, walimwita "Baba yangu." Mtu mwenye hasira, mwenye ugonjwa, mwenye aibu, na bado wanampa heshima. Mume wangu alikuwa kichwa cha nyumba kabla mashine haijasoma 196, na baada ya kusoma bado ni kichwa cha nyumba. Mimi nilikuwa nimeanza kumwongelesha kama mtoto wa darasa la pili.

Tatu, walimpa hoja moja. Walimuuliza kwamba kama angeambiwa jambo gumu, si angelifanya? Basi kwa nini asifanye hili jepesi? Hawakumkumbusha makosa ya miaka kumi.

Nne, na hili lilinichoma, hawakumsukuma majini. Naamani alishuka mwenyewe. Huwezi kumeza dawa kwa niaba ya mtu. Mwili ni wake, na siku moja atatoa hesabu yake mbele za Mungu kama mimi nitakavyotoa yangu.

Jumamosi moja jioni, watoto wakiwa kwa shangazi yao, nilimtengenezea chai nikakaa karibu naye. Sikwenda na daftari. Nilimwambia, "Baba watoto, mimi naogopa. Usiku nasikiliza kama unapumua. Sitaki kulea hawa watoto peke yangu. Naomba twende tupime pamoja, mimi na wewe, tuone Mungu amefanya nini." Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Sikujua hulali."

Jumatatu tulienda. Yeye 172 kwa 104. Mimi, askari wa nyumba, 144 kwa 92. Daktari alicheka kidogo, akasema wote wawili turudi kliniki. Alirudia dawa wiki hiyo.

4. Mara saba za Yordani ya nyumbani kwetu

Haya ndiyo tunayofanya. Ni madogo, lakini Naamani pia alizama mara 7, na hatusomi kwamba mara ya 3 alikuwa ameanza kutakata.

Moja: Sufuria moja. Tuliacha kumpikia "chakula cha mgonjwa" pembeni. Nyumba nzima inakula chumvi kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja kidogo cha chai, na hiyo ni pamoja na chumvi iliyo ndani ya mkate, soseji na vile viungo vya kuongeza ladha. Siku hizi sukuma wiki inapata ladha ya nyanya, kitunguu, dania na ndimu.

Mbili: Chumvi haikai mezani. Hatuifichi. Iko jikoni, kila mtu anaiona.

Tatu: Dawa iko karibu na mswaki. Tukimaliza ibada ya asubuhi anameza mwenyewe. Mimi siulizi.

Nne: Tunatembea pamoja dakika 30, siku tano kwa wiki. Ndipo tunapoongea zaidi siku hizi.

Tano: Kupima. Ukipima, kaa umetulia dakika tano, miguu chini, mgongo umeegemea, mkono umewekwa usawa wa moyo. Kwa kawaida madaktari huita 140 kwa 90 na kuendelea presha ya juu, lakini wanapima zaidi ya siku moja kabla ya kuamua. Ukiwa huna mashine, uliza mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji au mtaa wako.

Sita: Hesabu. Mwanabiashara ndani yangu hakufa. Tulikaa na bajeti, tukaona dawa za mwezi zinagharimu chini ya tulichokuwa tunatumia kwa soda na nyama choma wikendi mbili. Pesa ya dawa inatoka kwanza, pamoja na sadaka na kodi ya nyumba. Na SHA inalipwa kwa wakati.

Saba: Mtu wa kuongea naye. Yeye ana mzee mmoja wa kanisa ambaye pia anameza dawa za presha. Mimi nina dada mmoja wa kundi la akina mama. Mzigo huu usibebe peke yako mpaka na wewe uanguke.

5. Je, akikataa?

Kuna mke anauliza, "Pasta, wangu ni pombe na sigara, na nimeongea naye kwa heshima miaka mingi." Dada yangu, sina jibu la mkato. Endelea kuomba, endelea kusema ukweli kwa upole, na usifiche ugonjwa ili kulinda jina la familia. Omba mtu anayemheshimu azungumze naye. Yule msichana mateka katika nyumba ya Naamani hakuwa na nguvu yoyote. Alisema neno moja tu kwa bibi yake kuhusu nabii aliyeko Samaria, na neno lile likafika. Pia tunza mwili wako mwenyewe. Na ikiwa nyumbani kuna kipigo, hilo ni jambo lingine: njoo ofisini wiki hii, usingoje.

Jambo la dharura: ukiona uso wa mtu umepinda upande mmoja, mkono umelegea au maneno yanakwama ghafla, hiyo inaweza kuwa kiharusi. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Mtaomba mkiwa njiani.

Na sisi? Bado tuko mtoni. Kipimo chake cha mwisho kilikuwa 138 kwa 88. Wiki mbili zilizopita aliingia nyumbani, akavua viatu, akasema, "Mama, leo nimekula mutura pale stendi." Hakuna aliyemuuliza. Nilimwambia asante kwa kuniambia, tukaenda kutembea.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni jambo gani dogo ambalo daktari alikuambia nawe umelidharau?
2. Kati ya mambo manne ya watumishi wa Naamani, lipi ni gumu kwako nyumbani?
3. Ushirika wetu unaweza kufanya nini ili kila mtu mzima apimwe presha mwezi huu?

Tuombe

Baba, tunakushukuru kwa sababu wewe ndiwe mponyaji. Tusamehe tulipodharau njia rahisi ulizotupa. Wape wenzi wetu moyo wa kushuka Yordani, nasi utupe ulimi wa upole na usingizi usiku. Katika jina la Yesu, Amina.