Pima Ekseli, Usisome Boksi

Jumapili nilirudi nyumbani na Peugeot 404 ya rangi ya krimu, urefu wake sentimita tano, na mke wangu akasema hajaniona nikitabasamu hivyo tangu siku ya ndoa yetu. Ametia chumvi. Lakini ni kweli nilikuwa nimeisaka kwa muda mrefu. Ninajenga stesheni ya Korogwe ya mwanzoni mwa miaka ya sabini, mabehewa bado yana herufi za East African Railways, na Korogwe ya wakati ule bila 404 iliyoegeshwa kivulini ikisubiri abiria wa treni ni stesheni tu, inaweza kuwa popote.

Niliipata katika soko la wakusanyaji, ndani ya ukumbi wa mazoezi wa shule pembezoni mwa jiji tunaloishi hapa Ujerumani. Masoko haya huchangamka zaidi majira ya baridi, watu wakiwa hawana bustani za kushughulikia. Utakuta meza ndefu, kahawa ya chupa, wazee wenye vizibao vya mifuko mingi. Mezani yamepangwa magari yenye maboksi yake, kwa bei zinazokufanya urudishe mkono mfukoni. Mimi huanzia chini ya meza. Huko ndiko ziliko katoni za ndizi zilizojaa magari yasiyo na boksi, hili halina kioo, lile halina tairi, na yote yana bei moja.

Katoni niliyoikuta ilikuwa na kibandiko kikubwa: VYOTE H0, yaani skeli ya 1:87. Nikachambua mpaka magoti yakalalamika. Nikaibuka na 404, Land Rover ndefu ya kijani na lori la Bedford. Nikatoa kadi yangu ya vipimo na kuanza kupima.

“Unafanya nini?” mwenye meza akauliza.

“Napima, mzee.”

“Si pameandikwa H0?”

“Nimeona, mzee. Ila hii Land Rover siyo.”

“Kijana, mimi nauza magari haya tangu hujazaliwa.”

Nimevuka hamsini, kwa hiyo hilo la kuitwa kijana nililipokea kwa mikono miwili. Lakini katika suala la Land Rover sikurudi nyuma. Nikamwonyesha: ekseli kwa ekseli, milimita thelathini na sita na ushee. Hiyo ni 1:76, skeli ya Waingereza, si 1:87. Akavaa miwani, akatafuta rula yake mwenyewe, akapima, akanitazama, akapima tena. Jirani yake wa meza ya pili akaja kusuluhisha, naye akapima. Mwishowe mzee akachukua kalamu na kuongeza neno kwenye kibandiko, kikasomeka KARIBU VYOTE H0. Land Rover nikamrudishia. Bedford nayo ilikuwa 1:76, lakini niliichukua, na sababu yake nitaieleza. Peugeot ilikaa kwenye pengo lake la kadi kama ufunguo kwenye kitasa.

Sasa, kwa anayetaka kuanza, kuna hatua tano. Ya kwanza, chagua skeli moja. Ya pili, chagua mahali na mwaka, ili Toyota ya 1995 isije ikaegeshwa kando ya treni ya mvuke. Hizo mbili kila mtu atakwambia. Ya tatu ni kujua skeli ya gari lisilo na boksi, na hapa vuta kiti.

Mimi niko kwenye 1:87 kwa sababu ya reli yenyewe. Njia ya Tanga inayopita Korogwe, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893 na ikafika Moshi mwaka 1911, ina upana wa mita moja. Gawa milimita 1,000 kwa 87 unapata 11.5. Madukani kuna reli ya milimita 12, inayotengenezwa kwa ajili ya watu wanaopenda treni za milimani za Uswisi, maana nazo zinapita kwenye reli ya mita moja. Kwa hiyo Korogwe yangu imelazwa juu ya reli ya Waswisi na hakuna mgeni aliyewahi kushtuka. (Wapenzi wa TAZARA mna bahati zaidi: milimita 1,067 ukigawa kwa 87 ni 12.26, mnakaribia kabisa.) Ningechagua 1:76, magari ya Kiingereza yangekuwa tele, lakini reli hiyohiyo ya milimita 12 ingekuwa ya futi tatu, na mjomba wangu aliyefanya kazi relini angeniuliza hiyo ni reli ya nchi gani.

Turudi kwenye kupima. Watu wengi hupima urefu wa gari, bampa hadi bampa. Usipime hivyo. Bampa huvunjika, hunenepeshwa kiwandani ili mtoto asiling’oe, na hata kwenye gari halisi lilibadilishwa kutegemea soko. Kisichobadilika kirahisi ni umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Namba hiyo imo katika kitabu cha kila gari, na kwa Land Rover za zamani imo kwenye jina lenyewe: 88 na 109 ni inchi kati ya ekseli na ekseli. Inchi 109 ni milimita 2,769. Gawa kwa 87, unapata 31.8. Gawa kwa 76, unapata 36.4. Gawa kwa 72, skeli ya wanaounganisha ndege na vifaru vya plastiki, unapata 38.5. Kati ya ile ya kwanza na ya pili kuna karibu milimita tano, na milimita tano kwenye gari la ukubwa huu hata aliyesahau miwani ataziona.

Nyumbani natumia kalipa ya vernia. Sokoni siibebi, kwa sababu ukisogeza chuma karibu na rangi ya gari la mtu, atakunyang’anya gari kabla hujafungua mdomo. Kwa hiyo nilichukua postikadi ngumu, nikakata mapengo ukingoni kwa wembe, kila pengo na jina lake. Volkswagen Beetle na Kombi zina umbali mmoja, milimita 2,400, kwa hiyo pengo la 27.6 linatumika kwa zote mbili. Land Rover 88 ni 25.7. Land Rover 109, 31.8. Peugeot 404 ya kawaida ni milimita 2,650, yaani 30.5 kwenye kadi. Peugeot 504 ni 2,740, yaani 31.5. Upande wa pili wa kadi nimekata mapengo ya 1:76 ya magari hayohayo, ili nisiishie kumwambia muuzaji kwamba siyo, niweze pia kumwambia ni ipi. Hapo ndipo mabishano yanapoisha.

Pima pande zote mbili, kushoto na kulia. Gari lililokanyagwa huwa na ekseli iliyopinda, na upande mmoja utakudanganya. Pima katikati ya kifuniko cha gurudumu, si ukingo wa tairi. Kwa lori lenye ekseli mbili nyuma, soma kwanza kitabu chake kinahesabu kutoka wapi.

Na kadi nayo ina kikomo chake. Wako watengenezaji waliokuwa wakiweka chesisi moja chini ya bodi za aina mbalimbali ili kuokoa gharama, na hapo ekseli zitakuwa sahihi huku bodi ikiwa kibonge. Kwa ajili ya hao namtembeza Mzee Shabani mfukoni. Mzee Shabani ni sanamu ya Preiser, ile kampuni ya karibu na Rothenburg inayotengeneza watu wadogo wa reli. Alipotoka dukani alikuwa Mjerumani mwenye koti. Nikampaka rangi upya, nikamvisha kanzu na kofia. Ana urefu wa milimita 20, sawa na mtu wa sentimita 174 katika 1:87. Namsimamisha kando ya mlango wa gari. Kitasa kikifika kifuani mwake, gari ni kubwa mno. Akiweza kuona juu ya paa la Land Rover, gari ni dogo mno. Wauzaji wanamcheka mpaka anapowaumbua.

Laiti muuzaji mmoja wa mtandaoni angemjua. Aliniuzia Land Rover 109 aliyoiita H0 “halisi, imehakikishwa”. Nikamwandikia kabla ya kulipa: bwana, naomba ekseli kwa ekseli. Akajibu kwamba ni H0. Nikaomba picha iliyo na rula. Akatuma picha ya gari likiwa peke yake juu ya kitambaa cheusi, lingeweza kuwa na ukubwa wa sufuria. Lilipofika lilikuwa na 38 na nusu, yaani 1:72 bila ubishi. Nikadai pesa zangu, naye akajibu kuwa ni mwanasesere tu, tofauti inatoka wapi? Pesa zilirudi, ila nauli ya posta ikala kwangu. Tangu hapo, muuzaji asiyeweza kuweka rula kando ya gari sinunui kwake hata kama anagawa bure.

Kuhusu majina makubwa nina msimamo wangu. Wiking ni wazee wa kazi. Walianza na meli ndogo za 1:1250 kabla ya kunogewa na magari, na Land Rover yao mpaka leo ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza, kwa sababu inafunguka bila kupasuka. Herpa ni mafundi, lakini malori yao mengi ni ya barabara za Ulaya za leo, yanang’aa utadhani ya harusi, na Korogwe yangu haina pa kuyaweka. Brekina wana moyo na magari ya zamani. Wafaransa wa Norev, ambao jina lao ni Véron lililosomwa kinyumenyume, ndio wa kuwaendea ukitafuta Peugeot. Matchbox za zamani zifurahie kabatini: zilipoanza mwaka 1953 kanuni ilikuwa gari litoshee kwenye boksi, kwa hiyo basi la ghorofa lilisinyazwa kupita kiasi na gari dogo likasinyazwa kidogo, na ukiyaweka barabara moja utadhani abiria wa basi ni sisimizi. Kuna pia Faller na mfumo wao wa magari yanayotembea yenyewe, yakifuata waya uliozikwa chini ya lami. Ukiyaona Miniatur Wunderland kule Hamburg utasahau chakula. Sijanunua. Korogwe yangu magari yamesimama kwenye tuta yakisubiri treni ipite, na hilo wala si uongo.

Hatua ya nne nilifundishwa na mjomba. Nilimtumia picha ya Land Rover ya Wiking, nimeipiga kwa ustadi, mwanga wa jioni, Mzee Shabani amesimama pembeni. Baada ya muda ikaja sauti kwenye WhatsApp: “Mpwa wangu, gari zuri. Lakini mbona dereva wako amekaa kwa utingo?”

Usukani ulikuwa kushoto. Magari ya Kijerumani na ya Kifaransa karibu yote huja hivyo. Basi: fungua bodi kwa kijiti cha meno cha plastiki, toa kipande cha viti, kata usukani kwa wembe, ubandike kulia, sugua kile kivimbe cha dashibodi upande wa kushoto. Kama muda hauruhusu, mkalishe dereva kulia bila usukani na umkate miguu ili atoshee. Kioo kikishapata vumbi hakuna atakayehesabu. Mjomba alihesabu.

Na vumbi ndilo la tano. Rangi ya kiwandani inang’aa mno. Pulizia vanishi isiyong’aa, halafu pakaza unga wa rangi ya udongo mwekundu, mwingi chini ya milango na nyuma ya magurudumu, kidogo kwenye boneti, na uache alama ya waipa kwenye kioo. Mjomba, kuhusu Land Rover kabla ya vumbi: “Hii ya waziri?” Baada ya vumbi: “Haya, hii ya bwana shamba.”

Nilisema nitaeleza kuhusu Bedford. 1:76 ni kubwa kuliko 1:87 kwa asilimia 14 hivi. Kwenye gari dogo hilo linaudhi, kwa sababu sote tunajua Beetle ina ukubwa gani. Lori ni jingine. Malori yalikuja ya kila kimo, na jicho halina cha kulinganisha. Liweke ukingoni mwa meza, karibu na mtazamaji, mbali na magari mengine. Langu limebeba marobota ya mkonge niliyoyatengeneza kwa kamba ya katani niliyoikatakata, nikaishindilia na gundi ndani ya kiboksi cha kiberiti. Kule nyuma kabisa, kwenye barabara inayopanda milima ya Usambara, nimefanya kinyume chake: gari la 1:160, dogo karibu mara mbili, na mlima ukasogea mbali papo hapo.

404 sasa imeshabadilishwa usukani na kupewa vumbi. Nilimtumia mjomba picha yake jana. Hajasifu wala kukosoa. Ameuliza tu basi la Lushoto liko wapi, lile la Leyland lenye mizigo juu na ngazi nyuma. Katika 1:87 sijaliona popote. Katika 1:76 ninazijua Leyland za Kiingereza kadhaa, lakini basi ni refu mno kufichwa ukingoni, na lazima lisimame mbele ya stesheni. Kwa hiyo nimeagiza bati za plastiki za nusu milimita, na nimemwomba mjomba akamuulize jirani yake, aliyekuwa dereva wa mabasi hayo, ekseli kwa ekseli ilikuwa futi ngapi.