Kupunguza Mzigo wa Picha: Historia ya Kampuni ya PictureTel

Njia kuu ya misafara ya karne ya 19 ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Tabora, na kutoka hapo ikaendelea mpaka Ujiji. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kaze, karibu na ulipo mji wa Tabora leo, mwezi wa Novemba. Habari ilisafiri kwa mwendo wa mpagazi, na mpagazi alibeba takriban frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei. Kwa hiyo kila kiongozi wa msafara alikabiliwa na swali moja kabla ya kuondoka: kitu gani kichukuliwe, na kitu gani kiachwe?

Makala hii yaeleza jinsi swali hilohilo lilivyoikuza kampuni changa ya mawasiliano ya video huko Marekani, na kwa nini jibu lake lawahusu wanafunzi wa miji iliyo mbali na pwani.

1. Uzito wa picha

Katika mitambo ya tarakimu, picha hugawanywa katika nukta ndogo, na kila nukta huandikwa kwa tarakimu 0 na 1 ziitwazo biti. Hebu tukadirie. Tuchukue picha yenye nukta 352 kwa mlalo na 288 kwa wima:

352 × 288 = nukta 101,376

Kila nukta, pamoja na rangi yake, ikihitaji biti 12 kwa wastani, picha moja ina biti 1,216,512. Ili jicho lione mwendo usiokatika, tupeleke picha 30 kwa sekunde. Tunapata biti 36,495,360 kwa sekunde. Njia moja ya simu ya tarakimu hupitisha biti 64,000 tu kwa sekunde. Tukigawanya, twaona kwamba picha hiyo yahitaji njia za simu zipatazo 570, ili mtu mmoja tu amwone mwenzake.

Jaribio mashuhuri la mwanzo lilikuwa kuipanua njia. Kampuni ya AT&T ilionyesha simu yake ya picha katika maonyesho ya New York mwaka 1964, na mwaka 1970 ikaanza kuikodisha mjini Pittsburgh kwa dola 160 kwa mwezi. Bei hiyo ilikuwa kubwa mno, na chombo hakikuenea.

2. Kampuni yaanzishwa

Mwaka 1984 Brian Hinman na Jeffrey Bernstein, waliokuwa wanafunzi wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, pamoja na profesa wao David Staelin, walianzisha kampuni iliyoitwa PicTel, ambayo baadaye ilijulikana kama PictureTel. Wao hawakukusudia kupanua njia. Walikusudia kupunguza mzigo. Mwaka 1986 kampuni ilitoa kodeki, yaani chombo cha kubana picha upande wa mpelekaji na kuikunjua upande wa mpokeaji, iliyoweza kufanya kazi kwa biti 224,000 kwa sekunde. Kwa picha ya mfano wetu, hiyo ni sawa na kuupunguza mzigo mara 163 hivi.

3. Mzigo hupunguzwaje?

Kanuni ya kwanza ni kutorudia yanayojulikana. Tarishi atokaye Ujiji kila siku hana haja ya kueleza upya kwamba ziwa lipo na soko lipo. Atasema tu kilichobadilika tangu jana. Vivyo hivyo, mwalimu akizungumza mbele ya ukuta, ukuta haubadiliki; hakuna sababu ya kuupeleka mara 30 kwa sekunde. Na mkono wake ukisogea, mtambo hupeleka agizo fupi: kipande hiki kimehama nukta tatu kuelekea kulia.

Kanuni ya pili ni kuacha yale ambayo jicho haliyatambui. Picha hukatwa katika vipande vya nukta 8 kwa 8. Kila kipande huelezwa upya kama jumla ya mawimbi ya kosaini. Mawimbi mapana hushika sura ya jumla. Mawimbi membamba hushika chembechembe. Haya membamba aghalabu huweza kupunguzwa bila mtazamaji kuona kasoro kubwa. Hesabu hiyo ilitangazwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed, mtaalamu mzaliwa wa India, pamoja na wenzake Natarajan na Rao. Yafaa ikumbukwe kwamba kilichoachwa hakirudi: mpokeaji huona picha inayokaribiana na ile ya asili, wala si ileile hasa.

4. Shanga za kila nchi

Msafiri wa zamani alijua kwamba shanga zilizopendwa katika nchi moja zaweza kukataliwa katika nchi ya pili. Kodeki za mwanzo zilikuwa hivyo: kila kampuni ilikuwa na njia yake ya siri, na chombo cha kampuni moja hakikuelewana na cha nyingine. Mwaka 1990 Kamati ya Kimataifa ya Ushauri wa Simu na Telegrafu ilipitisha kanuni ya H.261, iliyotumia misingi miwili tuliyoieleza hapo juu. Tangu hapo vyombo vya watengenezaji mbalimbali viliweza kuzungumza.

5. Mwisho wa kampuni

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na kazi ya mpagazi wa masafa marefu ikafifia. PictureTel nayo ilipatwa na mabadiliko ya namna hiyo. Kompyuta za kawaida zilipopata nguvu ya kufanya hesabu zile, mitambo mikubwa ya bei ghali ilipoteza soko. Hinman alikuwa ameondoka na kushiriki kuanzisha kampuni ya Polycom mwaka 1990. Mwaka 2001 Polycom ikainunua PictureTel. Kampuni ilitoweka, lakini misingi ya hesabu ilibaki. Leo imo ndani ya kila simu ya mkononi inayopiga simu ya video.

6. Funzo kwa Tabora

Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza. Njia imepanuka. Hata hivyo, shule ya kijijini inayotegemea mtandao hafifu wa simu bado yasubiri picha ikikatika. Huko, anayejua kupunguza mzigo ndiye atakayeamua kama somo litafika.

Kukaa njiani hakutoshi. Wanyamwezi hawakusifika kwa kuwa msafara ulipita kwao, bali kwa kuwa waliijua kazi ya upagazi. Kazi ya zama hizi imejengwa juu ya kosaini, ile ile ambayo mwanafunzi wengi huidhani kuwa ni ya mtihani tu.

Maswali

1. Picha ina nukta 176 kwa 144, biti 12 kwa kila nukta, na hupelekwa mara 10 kwa sekunde. Ipunguzwe mara ngapi ili ipite katika njia ya biti 64,000 kwa sekunde?
2. Kwa nini mchezo wa mpira ni vigumu kubanwa kuliko mwalimu anayezungumza?
3. Daktari anataka kutazama picha ya mfupa uliopasuka akiwa mbali. Je, kanuni ya pili itumike bila kikomo? Toa sababu.