Jina la Mji Katika Karatasi za Wazee



Mzee akifariki, watoto hufungua sanduku lake. Tuseme cheti cha ndoa kinasema alizaliwa Usumbura, kitambulisho kinasema Bujumbura, na barua ya kale inamtaja kuwa mtu wa Buyenzi. Je, ni mtu mmoja au ni watu wawili? Swali hili si dogo. Mirathi haigawanywi mpaka warithi wajulikane, na kosa moja laweza kumnyima yatima haki yake au kumpa asiyekuwa mrithi.

Wanachuoni wetu walikutana na tatizo hili zamani. Wapokezi wa Hadithi walijulikana kwa nisba za miji yao, na iko miji yenye jina moja: Tarabulus iko Sham, na nyingine iko Libya. Yaqut al-Hamawi, aliyefariki mwaka 1229 Miladia, aliandika kitabu kizima juu ya mahali panaposhirikiana majina. Kwa kufuata mwendo wao, tufanye haya:

1. Nakili jina kama lilivyoandikwa. Usilisahihishe, kwani herufi zenyewe ni ushahidi wa zama na wa mwandishi.

2. Tazama lugha ya mwandishi. Penye "Bu" ya Kirundi, Kiswahili husema "U". Ndiyo maana karatasi za Wajerumani na Wabelgiji zina Urundi na Usumbura, yaani Burundi na Bujumbura. Gitega nayo iliandikwa Kitega. Hii ni tofauti ya matamshi tu, mahali ni palepale.

3. Tazama mwaka. Majina mengine yalibadilishwa na serikali. Astrida ikawa Butare, kisha Huye mwaka 2006. Elisabethville ikawa Lubumbashi mwaka 1966. Kumbuka pia kwamba karatasi ya mwaka 1975 huweza kumtaja mtu kuwa mzaliwa wa Lubumbashi ingawa alizaliwa mwaka 1930. Mwaka wa kuandikwa si mwaka wa kuzaliwa.

4. Jihadhari na jina moja la mahali pawili. Buyenzi ni mtaa wa Waswahili mjini Bujumbura, na Buyenzi pia ni eneo la kaskazini mwa Burundi, upande wa Ngozi na Kayanza. Barua ikisema "mtu wa Buyenzi" bila kuongeza neno, bado haijathibitisha kitu.

5. Tafuta shahidi wa pili: jina la baba na babu, walii na mashahidi wa ndoa, msikiti, au jirani aliye hai. Wapokezi walitofautishwa kwa masheikh wao na wanafunzi wao. Nasi tumtambue mzee wetu kwa watu waliokuwa karibu naye.

Ushahidi ukipungua, tusiunganishe watu wawili kwa sababu tu inaturahisishia kugawa. Sura ya al-Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Kwa hiyo, likizo ijayo, kaa na wazee wako wangali hai, uandike walikozaliwa: kilima, mtaa, na jina la zamani la mji. Swali la leo kwa bibi laweza kuzuia ugomvi wa kesho kati ya ndugu.

Wabillahi tawfiq.