Bima ya Afya si Upatu

Tangu Bunge la Tanzania lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, barua zimenijia kwa wingi, na miongoni mwake nimechagua zile zilizonikosesha usingizi. Walioniuliza namna ya kujaza fomu wataniwia radhi, kwa kuwa jambo hilo karani yeyote wa dirishani anaweza kuwaonyesha.

*Nimechangia miaka sita na sikulazwa hata siku moja. Nikiacha, nitarudishiwa fedha zangu?*

Barua kumi na moja zimeuliza jambo hili kwa maneno mbalimbali, nami nazijibu zote pamoja: hutarudishiwa, kwa sababu fedha hizo zimekwisha kufanya kazi uliyozitolea.

Asili ya ghalati hii naijua. Sisi tumelelewa katika upatu, ambamo watu kumi hutoa kila mwezi, kijumbe akakusanya, na kila mmoja, awe mzima au mgonjwa, zamu yake ikifika hupokea sawa na alichotoa. Na mtu aliyezoea mizani hiyo, akiingia katika bima, huhesabu miezi akingoja zamu, nayo isipofika hudhani kwamba kijumbe amemdhulumu. Walakini bima si upatu, wala si akiba, wala si amana. Ndugu yake hasa ni chama cha kufa na kuzikana, ambacho kila nyumba hutoa na anayepokea ni yule tu aliyefikwa. Nami katika umri wangu wote sijamsikia mwanachama akisimama kikaoni kudai michango yake kwa kuwa mwaka umepita na nyumbani mwake halikutoka jeneza. Basi yawaje mtu huyo huyo, aliyetoka kikaoni akimshukuru Mungu kwa kusalimika, akifika kwenye bima auhesabu uzima wake kuwa hasara?

Nilipokuwa nikihakiki madai ya hospitali, nilishika fomu ya mwanamke aliyejifungua kwa upasuaji: chumba cha upasuaji, dawa ya nusu kaputi, dripu, nyuzi za kushonea, siku nne za kitanda, kila kitu na bei yake pembeni kwa wino wa buluu, na chini kabisa sahihi yake iliyotetemeka. Jumla ile ilizidi mbali yote aliyokatwa mumewe katika mwaka. Ilitoka wapi? Ilitoka kwako wewe usiyelazwa, na kwa wenzako wasiojua hata jina la mama yule. Na siku utakayopelekwa wewe juu ya machela, watakulipia watu usiowajua vilevile.

*Kwa nini serikali itushurutishe? Bima na iwe hiari ya mtu.*

Hiari tumeijaribu. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza Igunga mwaka 1996 kwa hiari tupu, na juu ya mchango wa wananchi serikali iliahidi kuongeza mchango wake, utaratibu tuliouita tele kwa tele. Hata hivyo kaya nyingi zilibaki nje, na zilizoingia mwaka huu hazikuonekana mwaka wa pili. Ikaja Toto Afya Kadi, shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, na aghalabu mzazi alimkatia kadi mtoto aliyekwisha kuugua, akamwacha yule mzima acheze uani. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, wazazi wakaelekezwa kupitia shuleni, ili waje wagonjwa na wazima pamoja. Simlaumu mzazi mwenye fedha haba aliyechagua hivyo. Lakini mfuko ambao ndani yake wamo wagonjwa peke yao ni mtungi unaochotwa pasipo kujazwa, na mwisho wake ni yule mtoto mgonjwa kukosa kadi. Ujerumani ililijua hilo mwaka 1883, ilipowalazimisha wafanyakazi na waajiri wao kuchangia. Wala usidhani ulazima huo ni ujamaa: Kansela Bismarck, aliyeipitisha sheria ile, alikuwa adui mkubwa wa wajamaa.

*Naweza kumwazima shemeji yangu kadi?*

Hapana. Huo ni wizi, na wanaoibiwa ni wagonjwa.

*Zamani tulitibiwa bure. Kwa nini leo tulipe?*

Hatukutibiwa bure, tulitibiwa kwa kodi. Baada ya Azimio la Arusha serikali ilijitwika matibabu ya raia, na mwaka 1977 ikazipiga marufuku hospitali za watu binafsi zitafutazo faida. Miaka ya themanini hazina ilipokauka, tabibu aliandika dawa isiyokuwamo dirishani, na mjamzito akaambiwa aje na glavu zake mwenyewe. Mwaka 1991 watu binafsi wakafunguliwa mlango, na mwaka 1993 ukaanza uchangiaji, yaani mgonjwa kulipa papo kwa papo, na kwa fakiri hapana utaratibu mkali kuliko huo.

*Kwa nini tusiyaachie makampuni, ilhali serikali hula fedha?*

Kampuni hupenda kijana mwenye mshahara; mzee wa miaka sabini mwenye kisukari humpandishia bei hata akaondoka mwenyewe. Marekani, nchi inayosifu biashara kuliko zote, ilibidi mwaka 1965 iweke Medicare kwa ajili ya wazee wake.

Lakini shutuma dhidi ya serikali siipuuzi. Mapema mwaka 2024, ulipozuka mvutano wa bei za kitita kipya cha mafao, baadhi ya hospitali binafsi zilisimamisha huduma kwa wenye kadi za Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na watu waliokatwa mishahara yao kila mwezi bila kukosa wakarudishwa getini. Nami mwenyewe nimesimama na mama yangu mbele ya dirisha la dawa, kadi i hai mkononi, tukaambiwa dawa ya shinikizo la damu haipo, tukainunue duka la ng'ambo ya barabara. Serikali inayomkata mtu kwa lazima haina udhuru wa rafu tupu, wala wa kuchelewesha madai ya hospitali miezi na miezi.

*Yuko bwana stendi anauza kadi kwa nusu bei.*

Usimpe hata senti. Mripoti polisi leo.

*Mimi ni mjane, nauza vitumbua, sina mshahara wa kukatwa. Sheria hii yanihusu?*

Yakuhusu wewe kuliko mimi, mama yangu. Sheria imeweka mfuko wa wasio na uwezo, na vyanzo vyake vimetajwa, vikiwamo kodi za vinywaji, za vipodozi na za michezo ya kubahatisha. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa wako, uliza jina lako limo au halimo katika orodha ya kaya zisizo na uwezo, na ukiambiwa halimo, uliza ni nani aliyeiandika na kwa kipimo gani. Nenda na jirani anayejua kusoma. Ukizungushwa, niandikie tena.