Vitenzi-Virai vya Kiingereza na Mnyambuliko wa Kiswahili: Funzo Kutoka Likoni

Utangulizi

Likoni imetengana na kisiwa cha Mombasa kwa mlango wa Kilindini, na kila siku maelfu ya watu huuvuka mlango huo kwa feri. Mazingira hayo humpa mtoto wa Likoni, tangu angali mdogo, msamiati mpana wa mwendo: kupanda, kushuka, kuvuka, kuvusha, kutia nanga, kung'oa nanga. Mtoto huyo huyo afikapo darasani hukutana na Kiingereza, lugha ambayo nayo husimulia mwendo, lakini kwa utaratibu mwingine. Jambo ambalo katika Kiswahili limo ndani ya kitenzi kimoja, katika Kiingereza hugawanywa kati ya kitenzi chepesi na kijineno kinachokifuata: "get on", "get off", "set off", "get across".

Makala haya yanajadili vitenzi vya aina hiyo, ambavyo hapa vitaitwa vitenzi-virai. Hoja inayotetewa ni kwamba ugumu wake kwa mwanafunzi aliyelelewa katika Kiswahili hauondolewi kwa orodha za kukariri. Unapunguzwa kwa kumwonyesha kuwa kazi inayofanywa na kijineno cha Kiingereza si ngeni kwake: huifanya kila siku kwa mnyambuliko wa vitenzi na kwa nahau.

Asili ya tatizo

Malalamiko kuhusu vitenzi hivi si mapya. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya Kiingereza ya mwaka 1755, alikiri kuwa miungano ya kitenzi na kijineno ndiyo inayowatatiza mno wageni wa lugha hiyo. Jina linalotumika hadi leo katika sarufi za Kiingereza, "phrasal verb", lilienezwa na Logan Pearsall Smith katika kitabu chake cha mwaka 1925.

Nchini Kenya suala hili lina uzito wa pekee. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kimeifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Hata hivyo, masomo mengi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na katika mtihani wa KCSE mtahiniwa huweza kutakiwa aondoe kitenzi kimoja na mahali pake atie kitenzi-kirai. Mwanafunzi ajuaye kuwa "postpone" ni kuahirisha, lakini asijue kuwa "put off" nayo ni kuahirisha, hupoteza alama si kwa kutolijua jambo bali kwa kutolijua vazi lake.

Mwendo umekaa wapi katika sentensi?

Leonard Talmy, mwanaisimu wa Marekani, alieleza katika maandishi yake tangu miaka ya 1980 kuwa lugha hutofautiana katika mahali zinapoiweka njia ya mwendo. Baadhi huiweka katika kitenzi chenyewe. Nyingine huiweka katika neno linalokizunguka kitenzi. Kiingereza ni cha kundi la pili. Kiswahili, kwa jumla, huelekea kundi la kwanza. Tazama mifano hii:

(1) "She ran out." – Alitoka mbio.
(2) "He swam across." – Alivuka kwa kuogelea.

Katika Kiingereza, kitenzi kinataja namna (kukimbia, kuogelea) na kijineno kinataja njia ("out", "across"). Katika Kiswahili mambo yamegeuka: kitenzi kinataja njia (kutoka, kuvuka), na namna inaongezwa baadaye (mbio, kwa kuogelea). Mwanafunzi akiielewa tofauti hii moja, atatambua kwa nini tafsiri ya neno kwa neno humpotosha. Atajifunza pia kukitazama kijineno kwanza, maana humo ndimo mara nyingi kitenzi cha Kiswahili kilimojificha.

Kauli ya kutendea kama daraja

Si vitenzi-virai vyote vinavyohusu mwendo. Vilivyo vigumu zaidi ni vile ambavyo maana yake imehama kutoka kwa mwili kwenda kwa fikra, kama vile "look forward to" na "go through". Hapa ndipo mnyambuliko wa Kiswahili unapofaa, hasa kauli ya kutendea. Kauli hii huonyesha kuwa tendo linaelekezwa kwa mtu, kitu au mahali. Lakini katika vitenzi vingi imezaa maana mpya inayosimama peke yake:

(3) tazama > tazamia: "look" > "look forward to"
(4) pita > pitia (hati, kazi): "go" > "go through"
(5) toka > tokea: "turn" > "turn up"
(6) ingia > ingilia (mazungumzo): "cut" > "cut in"
(7) isha > ishiwa: "run" > "run out of"

Mfano wa (3) unastahili kuzingatiwa. Atazamiaye jambo halioni kwa macho, analingojea. Kiambishi kimoja kimetoa tendo machoni na kukitia moyoni, na Kiingereza kimefanya vivyo hivyo kwa kuongeza vijineno viwili. Mfano wa (7) nao unaonyesha viambishi viwili, cha kutendea na cha kutendwa, vikibeba mzigo ambao Kiingereza kinaubeba kwa maneno matatu. Feri ikiishiwa na mafuta, hakuna mzungumzaji wa Kiswahili anayehitaji kufafanuliwa ni nani aliyeishiwa na nini kilichokwisha.

Kauli nyinginezo nazo zina nafasi yake. Kauli ya kutendesha hutoa "take across" kutokana na "get across": vuka, vusha. Kauli ya kutendua hufanana na vijineno vinavyopingana: "put on" ni kuvaa na "take off" ni kuvua, "plug in" ni kuchomeka na "pull out" ni kuchomoa.

Nahau: maana isiyogawanyika

Kuna vitenzi-virai ambavyo hata uchambuzi huu hauvifunui. "Give up" haina kutoa wala juu ndani yake. Maana yake ni kukata tamaa. Lakini katika kukata tamaa nako hakuna kisu. Mtoto wa pwani hujua kuwa mambo yakienda mrama yameharibika, hata kama hajawahi kukiona chombo kikiyumba baharini. Vilevile hupiga simu, hupiga pasi, hupiga makasia na hupiga mbizi bila ya kumpiga yeyote. Kitenzi "piga" kimepoteza uzito wake na kuachia maana ikae katika neno linalokifuata, sawasawa na "get", "put" na "take" za Kiingereza. Mwanafunzi huyu, basi, tayari anajua kulipokea fungu la maneno kama neno moja. Anachohitaji ni kuambiwa kuwa anajua.

Mahali pa kiwakilishi

Kosa la kisarufi linalojirudia ni la mpangilio. Katika vitenzi-virai vinavyotenganishika, nomino huweza kukaa mwishoni au katikati, lakini kiwakilishi hukaa katikati tu: "put off the meeting" ni sahihi, "put it off" ni sahihi, ila "put off it" si sahihi. Kiswahili nacho hukiingiza kiwakilishi cha mtendwa ndani: tuuahirishe, wavushe. Kwa hiyo "take them across" na "wavushe" ni ndugu kwa tabia hii. Vile visivyotenganishika, kama "look after", huwa na kiwakilishi mwishoni: "look after him", yaani mtunze. Vya maneno matatu, kama "put up with", ambayo ni kuvumilia, kwa kawaida navyo havipasuliwi.

Hatari ya tafsiri sisisi

Madhara ya kutovielewa vitenzi hivi hayaishii katika mtihani. Kando ya kitanda cha mgonjwa, "pass out" ni kuzirai, "pass away" ni kufariki, na "come round" ni kupata fahamu. Mkalimani anayevichanganya viwili vya kwanza huweza kuwatia jamaa katika msiba ambao haupo.

Kiswahili chenyewe nacho huumia. Siku hizi husikika watu wakisema kuwa "wanaangalia mbele kukutana" na mgeni, ilhali neno tazamia lipo. Wengine husema kuwa kamati "imekuja juu na mpango", kwa kufuata "come up with". Lakini kuja juu, kwa Mswahili, ni kupandwa na hasira. Kamati iliyobuni mpango imesingiziwa ugomvi. Asiyeijua mipaka ya lugha mbili huziharibu zote mbili.

Hitimisho

Yafuatayo yanapendekezwa kwa walimu. Kwanza, vitenzi-virai vifundishwe kwa kufuata vijineno na si kwa kufuata alfabeti, ili mwanafunzi aone "out" au "across" ikifanya kazi ile ile katika vitenzi vingi. Pili, kila kitenzi-kirai kitafutiwe kitenzi kimoja cha Kiswahili, hasa kilichonyambuliwa, kabla ya kuelezwa kwa Kiingereza. Tatu, vile visivyochambulika vifundishwe ndani ya sentensi, pamoja na nahau za Kiswahili zenye tabia kama hiyo.

Kufanya hivyo kunahitaji mwalimu wa Kiingereza na mwalimu wa Kiswahili washauriane, jambo ambalo ratiba za shule hazilihimizi. Lakini mwanafunzi anayeingia darasani na vuka, vusha na vukika hakuja mikono mitupu. Amekuja na sarufi kamili ya njia na mwelekeo, na sarufi hiyo ndiyo chombo cha kumfikisha ng'ambo.