Bustani ya Pamoja: Kila Tuta na Mtu Wake



Bustani ya mboga ya pamoja ni jambo jema. Watu wanaojitolea wakishika majembe pamoja, hufyeka, hulima na kuzungushia ua kwa siku chache kazi ambayo mtu mmoja angeihangaikia msimu mzima. Lakini bustani nyingi za namna hii huanza kwa vigelegele na kuishia kwenye magugu. Siku ya kupanda watu hujaa. Siku ya ishirini, jioni, yuko mmoja tu na debe lake. Naye akichoka, miche hufa, na kiangazi hicho nyumba nyingi hukosa mboga. Sababu si uvivu peke yake. Sababu ni kwamba kazi ya kila siku haikupewa mwenyewe.

1. Kazi za namna mbili

Kuna kazi ya siku moja, kama kufyeka, kuchimba kisima na kujenga ua. Hii hufaa kuitana wote, kama watu wa Upare wanavyoitana kwenye msaragambo. Tena kuna kazi ya kila siku: kumwagilia, kupalilia, kukagua wadudu. Hii haifanywi kwa kuitana. Hufanywa kwa zamu. Wachagga wamejua jambo hili tangu zamani katika mifereji yao ya maji: asiyetokea kuzibua mfereji, bila sababu, hutozwa faini au hunyimwa maji.

2. Hesabu ya maji

Tuchukue mfano wa watu 20 wenye matuta 20, kila tuta upana wa mita 1 na urefu wa mita 10. Eneo lote ni mita za mraba 200. Wakati wa kiangazi kila mita ya mraba huhitaji kama lita 5 za maji kwa siku. Jumla ni lita 1,000, yaani madebe 50 ya lita 20.

Wakija watu 5, kila mmoja atachota madebe 10. Wakija 2, kila mmoja atachota 25, na yamkini kesho hawatarudi. Kwa hiyo gawanyeni makundi manne ya watu watano, kila kundi na siku yake. Andikeni majina mahali pa wazi. Mgonjwa, aliyefiwa na aliyejifungua wasitozwe faini; kundi lao litafute wa kushika zamu. Tandazeni nyasi kavu juu ya matuta ili maji yasipotee upesi.

3. Kila tuta liwe na mtu

Kitalu, kisima, ua na shimo la mboji ni vya wote, na kila kimoja kiwe na msimamizi. Lakini kila tuta lipewe mtu mmoja wa kulipalilia na kulikagua. Palilia magugu yakiwa bado madogo. Anayevuta tumbaku anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika nyanya, maana tumbaku huweza kuleta ugonjwa wa virusi katika nyanya.

4. Wadudu hawajui mpaka

Kantangaze, mdudu wa nyanya aliyeonekana Tanzania mwaka 2014, hutoboa majani na matunda. Tuta moja lililosahauliwa huwazalishia wengine wote wadudu. Kagueni nyanya zote mara mbili kwa wiki. Matunda yenye matundu yaokotwe, yafungwe katika mfuko na kuachwa juani mpaka wadudu wafe. Msipande nyanya mahali palipotoka nyanya, bilinganya, pilipili au viazi mviringo. Hayo ni mazao ya ukoo mmoja, na magonjwa yao hufanana.

5. Hatari ya dawa

Jambo hili ni la kuangaliwa sana. Katika shamba lako mwenyewe unajua siku uliyopuliza dawa. Katika bustani ya pamoja, Jumatatu mmoja hupuliza, na Jumanne mwingine huchuma mboga akapikia watoto bila kujua. Kwa hiyo dawa ipulizwe na mtu mmoja aliyechaguliwa na kufundishwa. Asome idadi ya siku za kungoja iliyoandikwa kwenye chupa, kisha achomeke kibao penye tuta: siku dawa ilipopulizwa, na siku ya kuanza kuchuma. Mtu yeyote asichume kabla ya siku hiyo.

6. Mavuno

Patanani juu ya mavuno kabla ya kusia mbegu, si nyanya zikiisha kuiva. Semeni ni kiasi gani kitaliwa nyumbani, na kiasi gani kitauzwa kununua mbegu za msimu ujao. Mweka hazina aandike kila senti katika daftari, na daftari lisomwe mbele ya wote kila mwezi. Ugomvi wa fedha huua bustani upesi kuliko ukame.

Kumbukeni: kazi kubwa ifanywe na wote, kazi ndogo iwe na mwenyewe.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Bustani yenu ina mita za mraba ngapi, nayo yahitaji madebe mangapi kwa siku?
2. Nani atamwagilia kesho jioni? Mtajeni kwa jina.
3. Mgeni akiingia bustanini leo, atajuaje tuta lililopulizwa dawa?